Aliyesahauliwa Ukumbini: Dancehall ya Jamaika, Soko la Nje na Nyimbo za Chuki

Tarehe 9 Juni 2004 Brian Williamson alikutwa ameuawa kikatili nyumbani kwake Kingston. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa J-FLAG, chama kilichoundwa mwaka 1998 kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja nchini Jamaika, na mmoja wa Wajamaika wachache wa wakati wake waliothubutu kujitokeza hadharani kwa jina na sura. Mtafiti wa Human Rights Watch aliyefika pale muda mfupi baadaye alikuta umati umekusanyika nje ya nyumba. Baadhi ya watu walikuwa wakicheka na kushangilia. Wengine waliimba kiitikio cha “Boom Bye Bye”, wimbo wa Buju Banton unaozungumzia kuwapiga risasi mashoga.

Polisi waliyachukulia mauaji hayo kuwa ya ujambazi, na mtu mmoja alihukumiwa baadaye. Haiwezekani kudai kwamba wimbo ndio uliomuua Williamson. Hata hivyo wimbo ulikuwa tayari midomoni mwa watu, miaka 12 tangu utoke, na ulitumika kugeuza msiba kuwa sherehe. Mjadala wowote kuhusu maneno ya dancehall unapaswa kuanzia kwenye uwanja wa nyumba ile.

Kwa kawaida hauanzii hapo. Kwa miaka mingi ugomvi huu umesimuliwa kama mvutano wa pande mbili: huku msanii wa Kijamaika anayetaka kupenya kwenye soko la dunia, kule mnunuzi wa New York au London anayemwekea masharti mlangoni. Makala haya yanadai kwamba usimulizi huo umemficha mhusika mkuu, yaani Mjamaika anayependa watu wa jinsia yake, anayezisikia nyimbo hizo kwenye basi, dukani na shuleni, na asiye na London ya kukimbilia. Kwa kuwa yeye hakuhesabiwa kuwa sehemu ya hadhira, shinikizo la soko lilibadilisha maneno ambayo wasanii waliwaambia wageni mapema kuliko lilivyobadilisha yale yaliyosikika nyumbani.

Shangwe na shabaha yake

Dancehall imepewa jina la mahali inapochezwa: kumbi na viwanja ambako tangu miaka ya 1950 wenye mitambo mikubwa ya muziki waliwakusanya wakazi wa Kingston waliokuwa hawana fedha za kuingia kwenye klabu za matajiri. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, sauti iliyotawala viwanja hivyo ilikuwa ya dijei. Kwa Wajamaika, dijei ni yule anayeghani juu ya mdundo. Anayechagua na kuzungusha sahani huitwa selekta. Mwaka 1985 Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy walitoa “Under Mi Sleng Teng”, wimbo uliojengwa juu ya mdundo uliokuwemo ndani ya kinanda kidogo cha Casio. Tangu hapo mdundo mmoja wa kielektroniki uliweza kutengenezwa kwa gharama ndogo na kuimbiwa na wasanii kadhaa, kila mmoja akijaribu kuwafunika wenzake.

Ushindi katika mashindano hayo hupimwa papo hapo. Mstari ukiwakolea wasikilizaji, watu hupiga kelele, hugonga kuta na kuinua mikono wakiigiza bunduki, naye selekta hulazimika kuurudisha wimbo mwanzo. Msanii anayetaka shangwe ya haraka hutafuta jambo ambalo ukumbi mzima utakubaliana nalo bila kufikiri. Kuwatukana mashoga kulitimiza haja hiyo kikamilifu, kwa sababu katika ukumbi uliojaa watu hakuna aliyethubutu kunyamaza, sembuse kupinga. Aliyenyamaza angeweza kushukiwa yeye mwenyewe.

Wapenzi wa taarabu waliofuatilia mipasho ya Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano miaka ya 1990 wanaufahamu moto wa aina hiyo, wakati hadhira inapomchochea mwimbaji azidishe makali. Lakini mpasho humlenga mpinzani mwenye jukwaa lake, anayeweza kujibu wiki inayofuata. Shoga wa Kingston hakuwa na jukwaa wala zamu ya kujibu. Ushujaa wa dijei aliyemshambulia ulikuwa wa kupigana na mtu aliyefungwa mikono.

Mlango wa nje

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni kubwa za muziki za Marekani ziligundua kwamba dancehall inaweza kuuzwa sambamba na hip hop. Shabba Ranks, akiwa chini ya Epic, alitwaa Grammy ya albamu bora ya reggae mwaka 1992 na tena mwaka 1993. Buju Banton, aliyezaliwa mwaka 1973, akafuata nyuma yake kwa kasi, na Mercury ikatoa albamu yake “Voice of Jamaica” mwaka 1993.

“Boom Bye Bye” iliwakuta njiani. Buju aliurekodi wimbo huo akiwa bado kijana mdogo, lakini ulipotoka mwaka 1992 na kuchezwa kwenye redio za New York, mashirika ya kutetea mashoga, GLAAD likiwa mbele, yaliyafasiri maneno yake ya Kipatwa (Patois, krioli ya Jamaika) na kuyatangaza. Desemba ya mwaka huo Shabba Ranks aliutetea wimbo huo katika kipindi cha televisheni cha “The Word” nchini Uingereza, akasema mashoga wanastahili kusulubiwa. Mtangazaji alimkemea palepale. Machi 1993 mwaliko wa Shabba wa kutumbuiza katika “The Tonight Show” nchini Marekani ulifutwa, na njia iliyokuwa imefunguka mbele yake ikaanza kuziba.

Somo ambalo wengi walilipata hapo lilikuwa la kibiashara: kwamba nje kuna maneno yasiyouzika. Miaka 10 baadaye Sean Paul alionyesha jinsi somo hilo linavyolipa. “Get Busy”, juu ya mdundo wa Diwali uliotengenezwa na Steven “Lenky” Marsden, ilishika namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100 mwaka 2003, na albamu ya “Dutty Rock” ikapata Grammy mwaka uliofuata. Juu ya mdundo huohuo Wayne Wonder aliimba “No Letting Go”. Zote mbili ni nyimbo za mapenzi na dansi, na mafanikio yake yanaondoa hoja moja iliyokuwa ikirudiwa sana, kwamba dancehall ikinyang'anywa chuki itakuwa imenyang'anywa roho. Mdundo haukupungukiwa na kitu.

Ndimi mbili

Mwaka 2004 mgogoro ulifika kileleni. Kikundi cha OutRage! cha London, ambacho Peter Tatchell alikuwa msemaji wake maarufu, kilishirikiana na J-FLAG katika kampeni dhidi ya nyimbo walizoziita muziki wa mauaji. Maonyesho yalifutwa katika miji ya Ulaya. Sizzla alikataliwa kuingia Uingereza. Agosti mwaka huo Beenie Man, mshindi wa Grammy wa mwaka 2001, aliondolewa kwenye onyesho la Miami lililoambatana na tuzo za video za MTV, na kampuni yake ya Virgin ikatoa taarifa ya kuomba radhi kwa niaba yake.

Mwaka 2007 ikafuata hati iliyoitwa Reggae Compassionate Act, ambamo wasanii waliahidi kutoimba maneno ya kuchochea ukatili. Ilitangazwa kwamba Beenie Man, Sizzla na Capleton wameisaini, kisha likaongezwa jina la Buju Banton. Haukupita muda mrefu Beenie Man akakana hadharani nchini Jamaika kwamba alisaini.

Ni rahisi kulichukulia tukio hilo kuwa unafiki wa mtu mmoja, lakini tatizo liko katika muundo wa ahadi yenyewe. Ilidaiwa na wageni na ikapokelewa na wageni, na zawadi yake ilikuwa visa na tiketi za maonyesho ya Ulaya. Kwa mashabiki wa Kingston, kuisaini kulionekana kama kupiga magoti mbele ya Mzungu. Kuikana kukawa namna ya kusimama tena. Msanii akabaki na ndimi mbili, na ule wa nyumbani ndio uliosikika katika mitaa ambako Williamson aliishi na kufa.

Utetezi unaohitaji kujibiwa

Utetezi mzito zaidi wa dancehall umetoka chuoni. Carolyn Cooper wa Chuo Kikuu cha West Indies, katika “Sound Clash” cha mwaka 2004, anasisitiza kwamba lugha ya ukumbini ni ya sitiari: bunduki ya dijei ni maneno, na anayeyatafsiri kama amri ya kuua ameshindwa kuijua sanaa ya masimulizi ya Wajamaika. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Madijei hujisifu kwa mauaji ya kila aina dhidi ya wapinzani wao, na kesho yake hukutana wakiwa hai na wazima.

Lakini sitiari huhitaji makubaliano. Dijei mmoja anapomtishia mwenzake, wote wawili wanajua kwamba huo ni mchezo. Mtu ambaye hajakubali kuingia mchezoni, na ambaye jirani zake wanaweza kumpiga kweli, hana namna ya kujua sitiari inaishia wapi. Nje ya nyumba ya Williamson hapakuwa na jukwaa wala mashindano. Palikuwa na maiti.

Hata nje ya muziki nyimbo hizi hazikubaki sitiari. Mwaka 2001 chama cha upinzani cha JLP kilitumia “Chi Chi Man” ya kundi la T.O.K., wimbo wa kuwashambulia mashoga, katika mikutano yake ya kisiasa. Waziri Mkuu P. J. Patterson alilazimika kutamka hadharani kwamba yeye si shoga. Chama chake cha PNP nacho kikaingia kwenye uchaguzi wa mwaka 2002 na kaulimbiu iliyotokana na wimbo wa Elephant Man wenye ujumbe wa aina hiyohiyo. Vyama viwili vilivyoshindana kutawala nchi vilikopa silaha kutoka ghala moja.

Utetezi wa pili ni wa kihistoria: kwamba Ulaya, iliyowatumikisha mababu wa Wajamaika, haina haki ya kuwafundisha utu. Hasira hiyo ina msingi. Sheria inayoadhibu mapenzi ya wanaume nchini Jamaika, kwa kifungo cha hadi miaka 10 na kazi ngumu, ni ya mwaka 1864 na ilitungwa chini ya utawala wa Waingereza. Aprili 2018 Waziri Mkuu wa Uingereza, Theresa May, aliwaambia viongozi wa Jumuiya ya Madola kwamba anajutia sana urithi wa sheria za namna hiyo. Ila ushahidi huohuo unaupindua utetezi wenyewe. Ikiwa kilicholetwa na mkoloni ndicho kinachopaswa kukataliwa, basi sheria ya mwaka 1864 ingekuwa ya kwanza kutupwa, na J-FLAG, chama kilichoasisiwa na Wajamaika wenyewe, kingehesabiwa kuwa sauti ya nyumbani.

Mvutano huu haukuishia Karibi. Mwaka 2014 Bobi Wine wa Uganda, aliyejenga jina lake kwa muziki wenye asili ya dancehall, alizuiwa kwenda kutumbuiza Uingereza kwa sababu ya maneno ya wimbo wake kuhusu mashoga. Baadaye, alipoingia katika siasa, alieleza hadharani kwamba amejifunza kuwavumilia watu walio tofauti naye. Kwake pia, kuzuiwa kwenda Uingereza kulikuwa jambo moja, na kauli aliyoitoa kwa Waganda wenzake ilikuwa jambo jingine.

Kipimo kiwekwe wapi

Mwaka 2009 wanaharakati wa Marekani waliitisha mgomo wa kususia bidhaa za Jamaika, ikiwemo bia ya Red Stripe. J-FLAG iliupinga. Mwaka mmoja kabla yake kampuni ya Red Stripe ilikuwa imejiondoa kwenye udhamini wa matamasha makubwa ya muziki ikilalamikia maneno ya ukatili, na sasa ndiyo ilikuwa inaadhibiwa. Tukio hilo linaonyesha vizuri pengo lililopo kati ya mtetezi wa mbali na anayetetewa. Wajamaika walijua ni nani nyumbani aliyeanza kubadilika, na walitaka hatua hiyo ilindwe.

Dalili zenye uzito zaidi zimetoka humohumo ndani. Mwaka 2006, wakati bado ilikuwa hatari kufanya hivyo, Tanya Stephens aliweka katika albamu yake “Rebelution” wimbo “Do You Still Care”, unaomlazimisha msikilizaji ajiulize kama atamkana aliyemwokoa kwa sababu ya rangi yake au mapenzi yake. Agosti 2015 J-FLAG iliandaa sherehe za kwanza za Pride mjini Kingston. Machi 2019 Buju Banton, aliyekuwa ametoka gerezani Marekani miezi michache kabla, alitangaza kuiondoa “Boom Bye Bye” kwenye orodha ya kazi zake, akabainisha kwamba tangu mwaka 2007 alikuwa haiimbi jukwaani. Mwezi huohuo alisimama mbele ya maelfu ya watu katika Uwanja wa Taifa wa Kingston.

Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya Jamaika ilitupilia mbali kesi ya wakili Maurice Tomlinson ya kupinga sheria ya mwaka 1864, kwa maelezo kwamba Katiba inazikinga sheria za zamani za aina hiyo. Kwa hiyo Buju anaweza kuuondoa wimbo kwenye orodha yake kwa tamko moja, na jukwaa la Ulaya likafunguka. Mjamaika ambaye wimbo ule ulimlenga bado anaishi chini ya kifungu kinachomwita mhalifu, na hadi hapo kifungu hicho kitakapofutwa, hesabu ya madhara ya nyimbo hizi haiwezi kufungwa huko London wala New York.