Ekari Tano za Mojave: Historia ya Viwanja Vilivyogawiwa Jangwani

Nyuma ya milima ya San Bernardino, kusini mwa jimbo la California nchini Marekani, kuna uwanda wa jangwa ulioinuka kati ya mita 600 na 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Wenyeji huuita jangwa la juu. Miji yake midogo ya Yucca Valley, Joshua Tree na Twentynine Palms imepangana kando ya barabara kuu moja, na kusini mwa barabara hiyo iko Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree. Nje ya miji, katikati ya mchanga na vichaka, vimetawanyika viwanja vya ekari tano tano. Vingi ni vitupu, na vingine vina kibanda kilichobomoka paa. Asili ya viwanja hivyo ndiyo inayoeleza kwa nini ardhi ya huko kwa miaka mingi iliuzwa kwa bei ya kutupa, na kwa nini mnunuzi huweza kulipia kiwanja kizima akapata haki pungufu.

Wakazi wa asili wa huko hawakuwa na haja ya mipaka ya mstari ulionyooka. Waserrano, na baadaye Wachemehuevi, walikaa kwenye chemchemi ya Mara, mahali ulipo mji wa Twentynine Palms leo, kwa sababu hapo palikuwa na maji. Serikali ya Marekani ilikuja na hesabu nyingine. Kwa sheria ya upimaji ya mwaka 1785, ardhi ya umma iligawanywa katika miraba ya ekari 640, na mwaka 1852 mpimaji Henry Washington aliweka juu ya mlima San Bernardino alama ambayo upimaji wote wa kusini mwa California ungeanzia. Mistari ilichorwa kutoka hapo kwenda kila upande, ikapita juu ya miamba, makorongo na mchanga mkavu bila kuuliza maji yako wapi. Miji ya baadaye ya jangwa la juu imebeba kosa hilo la msingi hadi leo.

Sheria za kugawa ardhi zilizofuata ziliandikwa kwa ajili ya wakulima. Ile ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 akikaa na kulima kwa miaka mitano. Ile ya mwaka 1877, iliyotungwa mahususi kwa ajili ya majangwa, ilitoa hadi ekari 640 kwa mtu atakayemwagilia. Twentynine Palms hupata mvua ya takriban milimita 100 kwa mwaka, na joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Mahindi hayawezi kustawi kwa mvua hiyo peke yake, ndiyo maana sehemu kubwa ya Mojave ilibaki mikononi mwa serikali wakati nyanda za kati za nchi zilikwisha kugawiwa.

Waliobadili mtazamo wa watu kuhusu jangwa hawakuwa wakulima. Katika miaka ya 1920 daktari wa Pasadena, James Luckie, alianza kuwapeleka Twentynine Palms askari wa Vita Kuu ya Kwanza ambao mapafu yao yaliharibiwa na gesi ya sumu, kwa kuwa hewa ilikuwa kavu na safi. Baadhi yao walipata nafuu, wakachukua ardhi na kujenga. Wakati huohuo magari yalianza kuwaleta watu wa Los Angeles mwisho wa juma, nao walirudi mjini na madungusi yaliyong’olewa kwa ajili ya bustani zao. Uharibifu huo ulimuuma Minerva Hoyt, mpenda bustani aliyeishi jirani na Pasadena. Alipeleka maonyesho ya mimea ya jangwani hadi Boston, New York na London, akaunda jumuiya ya kuyatetea majangwa, kisha akaishawishi serikali. Tarehe 10 Agosti 1936, Rais Franklin Roosevelt alitia saini tangazo la kuifanya Joshua Tree eneo la ukumbusho wa taifa lenye ekari 825,000 hivi.

Miaka miwili baadaye serikali hiyohiyo ilifungua mlango wa pili. Sheria ya viwanja vidogo ya tarehe 1 Juni 1938 iliruhusu raia kukodi, na baadaye kununua, hadi ekari tano za ardhi ya umma kwa ajili ya makazi, kibanda cha mapumziko, kambi, afya au biashara. Mgao huu wa ardhi haukudai jembe. Kati ya maamuzi yote ya serikali kuhusu jangwa hili, huo ndio uliobadili sura yake zaidi, kwa sababu ulimtambua mtu anayetaka ardhi ya kupumzikia tu kuwa mwombaji halali.

Vita vya Pili vya Dunia vilichelewesha mambo. Vilipokwisha, watu walimiminika. Katika miaka ya 1950 makarani, mafundi, walimu na askari waliostaafu kutoka Los Angeles walijaza fomu za maombi kwa Idara ya Usimamizi wa Ardhi, iliyoundwa mwaka 1946, kisha wakaendesha gari zaidi ya kilomita 200 kutafuta mawe ya mipaka mchangani. Mraba mmoja wa ekari 640 ulitoa viwanja 128. Kiwanja cha kawaida kilikuwa na upana wa futi 330 na urefu wa futi 660, yaani kama mita 100 kwa 200. Wadhihaki waliviita mashamba ya sungura, nao wenye viwanja wakalichukua jina hilo kwa fahari. Mwaka 1950 jarida la Desert Magazine lilichapisha masimulizi ya Catherine Venn, mwanamke wa Los Angeles aliyehamia kwenye ekari zake tano, na simulizi zake ziliwatia hamu wasomaji wengi.

Sharti la kupata hati lilikuwa kuendeleza kiwanja ndani ya miaka mitatu: kusafisha eneo, kusimamisha kibanda na kuchimba choo. Vibanda vingi vilikuwa vya chumba kimoja, fremu ya mbao juu ya sakafu ya zege, kuta za mbao nyembamba au plasta, madirisha mawili matatu na paa lenye mteremko mdogo. Familia zilijenga zenyewe mwisho wa juma, au ziliwaita wakandarasi wa Twentynine Palms waliosimamisha vibanda vya mfano mmoja kimoja baada ya kingine. Maji yaliletwa kwa mapipa na matangi. Taa zilikuwa za mafuta. Upande wa mashariki, katika bonde la Wonder Valley, bado inaonekana safu ya vibanda hivyo, kila kimoja peke yake katikati ya ekari zake tano, na jirani wa karibu yuko mbali kiasi cha kuitana bila kusikilizana.

Kubaki kulikuwa kugumu kuliko kujenga. Visima vilihitaji kuchimbwa kwa kina kirefu na kwa gharama kubwa, nyaya za umeme hazikufika kila mahali, na mwenye kiwanja alipozeeka au kufariki, watoto wake mara nyingi hawakuona faida ya kulipa kodi ya mahali wasipokwenda. Kwa sheria ya California, mali ambayo kodi yake haijalipwa kwa miaka mitano au zaidi inaweza kupigwa mnada na mtoza kodi wa kaunti. Minada hiyo imekuwa chanzo kikubwa cha viwanja vya bei rahisi. Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilifuta sheria ya viwanja vidogo, likaamua kwamba ardhi ya umma iliyobaki itunzwe na taifa. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza tena kuiomba serikali ekari tano za jangwani kwa sheria hiyo.

Ugumu mwingine ni njia ya kufika kwenye kiwanja. Suala hilo lilikuwa zito tangu zamani, na kisa cha William Keys, mfugaji na mchimba madini aliyeishi ndani ya eneo la hifadhi, kinalionyesha vizuri. Tarehe 11 Mei 1943 alimpiga risasi na kumuua jirani yake, Worth Bagley, katika ugomvi juu ya barabara iliyopita kwenye ardhi ya Bagley. Keys alidai kwamba alijihami, lakini alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, akafungwa katika gereza la San Quentin. Mwandishi wa riwaya Erle Stanley Gardner alisaidia kumtetea, na mwaka 1956 alisamehewa. Barabara nyingi za udongo za jangwa la juu bado hazitunzwi na kaunti, na kuna viwanja ambavyo haviwezi kufikiwa bila kukanyaga ardhi ya mtu mwingine.

Thamani iliporudi ilikuja kutoka upande wa hifadhi. Wapanda miamba walikuwa wakifika tangu miaka ya 1950, hasa wakati wa baridi theluji inapofunga milima mingine. Mwaka 1994 eneo la ukumbusho la Joshua Tree lilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 2017 lilitambuliwa kimataifa kwa anga lake lenye giza linalofaa kutazama nyota. Msanii Noah Purifoy alihamia huko mwaka 1989 na kujaza uwanja wake sanamu za vyuma na mbao chakavu. Andrea Zittel alifuata mwaka 2000, akaanzia kwenye kibanda cha zamani cha ekari tano. Idadi ya wageni wa hifadhi ilizidi milioni 3 mwaka 2021, na vibanda vilivyokuwa vikibomolewa kama takataka vikageuka nyumba za kupangisha watalii. Faida hiyo ina uchungu wake: bei zilipanda, na wenyeji wa kipato cha chini walipata shida ya nyumba.

Masharti nayo yameongezeka. Tangu Julai 2023, sheria ya California inakataza kukata au kung’oa mti wa Joshua wa magharibi, mmea wa jangwa hili, bila kibali, hata ndani ya kiwanja binafsi, na mwombaji hutakiwa kuhesabiwa miti yake na kulipa ada. Sheria hiyo ni ya haki, maana bila miti hiyo hakuna ambaye angetamani kiwanja hapo. Kisha kuna mambo yaliyoandikwa tangu mwanzo. Hati nyingi za mwaka 1938 na kuendelea zilitenga ukanda wa hadi futi 33 pembezoni kwa ajili ya barabara na huduma za umma, na serikali ilibakiza mafuta, gesi na madini yote yaliyo chini ya ardhi.

Hati hizo za kwanza zimehifadhiwa na Idara ya Usimamizi wa Ardhi, na nyingi husomwa bure kwenye intaneti. Anayefikiria kununua aisome ya kiwanja chake kabla ya kutoa pesa, kisha aende mwenyewe akaone kama kuna njia na maji yako umbali gani.