BREXIT: Waingereza katika mizani ya biashara huria na uhuru wa watu kuhama

WAINGEREZA walipofika vituoni kupiga kura ya maamuzi mnamo Juni 23, 2016, waliulizwa swali moja tu: je, nchi yao isalie katika Muungano wa Ulaya au iondoke? Asilimia 51.9 walichagua kuondoka. Asilimia 48.1 walitaka kusalia. Waliojitokeza walikuwa asilimia 72.2 ya waliosajiliwa, idadi kubwa kuliko ya chaguzi kuu zilizotangulia kura hiyo katika karne hii.

Karatasi ya kura haikutaja biashara wala wahamiaji. Hata hivyo, mambo hayo mawili ndiyo yaliyotawala kampeni, na ndiyo yaliyoendelea kuwasumbua wanasiasa wa London kwa miaka iliyofuata. Sababu ni kwamba wapigakura wengi walilitaka la kwanza na kulikataa la pili, ilhali kwa mujibu wa sheria za Ulaya mambo hayo huenda pamoja.

Soko la pamoja la Ulaya, ambalo mizizi yake ni Mkataba wa Roma wa 1957 na ambalo lilikamilishwa rasmi Januari 1, 1993, limejengwa juu ya uhuru wa aina nne. Bidhaa, huduma, mtaji na watu vyote vina ruhusa ya kuvuka mipaka ya nchi wanachama bila vizuizi. Mpolandi anaweza kufanya kazi Paris bila kibali, sawa na vile jibini ya Ufaransa inavyouzwa Warsaw bila ushuru wa forodha.

Mantiki yake si vigumu kuifahamu. Nchi maskini zaidi hufungulia viwanda vya nchi tajiri masoko yao, na raia wake nao hupata haki ya kufuata kazi na mishahara ilipo. Ukiuondoa uhuru wa watu, kinachobaki ni mapatano yanayomfaidi mwenye kiwanda kuliko kibarua.

Katika kura ya maamuzi ya 1975, asilimia 67.2 ya Waingereza waliunga mkono kusalia katika jumuiya hiyo. Wakati huo ilikuwa na wanachama tisa tu, na watu wengi nchini humo waliiita kwa jina la soko. Suala la wageni kuja kutafuta kazi halikuwa na uzito, kwa kuwa mishahara ya nchi hizo tisa haikutofautiana sana.

Hali ilibadilika Mei 1, 2004, nchi kumi zilipojiunga kwa mpigo, nane kati yazo zikiwa za Ulaya Mashariki. Ujerumani na Austria ziliwazuia wafanyakazi wa nchi hizo nane hadi 2011. Uingereza, Ireland na Sweden ziliwafungulia milango siku hiyohiyo.

Utafiti ulioagizwa na serikali ya Uingereza ulikuwa umekadiria kwamba wangekuja watu kati ya 5,000 na 13,000 kwa mwaka. Makadirio hayo yalikosea pakubwa. Sensa ya 2001 ilikuwa imehesabu wakazi 58,000 hivi waliozaliwa Poland katika England na Wales, ilhali sensa ya 2011 ilihesabu 579,000.

Mji mdogo wa Boston, katika kaunti ya Lincolnshire mashariki mwa England, unaeleza mengi. Mashamba yanayouzunguka hukuza kabichi, koliflawa na viazi, na uvunaji wake huhitaji mikono mingi. Katika muda wa miaka michache tu mji uliokuwa na wageni wachache ukajaa wavunaji kutoka Poland, Lithuania na Latvia. Foleni za hospitali zikarefuka, kodi za nyumba zikapanda, na maduka yenye mabango ya lugha ngeni yakajipanga barabarani. Mwaka wa 2016 asilimia 75.6 ya wapigakura wa Boston walitaka kuondoka, kiwango cha juu kuliko kote nchini.

Katika mtaa wa Lambeth jijini London, wenye wahamiaji wengi kuliko Boston kwa mbali, asilimia 78.6 walitaka kusalia. Ni dhahiri kwamba wingi wa wageni peke yake haukuwa kiini cha hasira. Kilichowakera watu zaidi ni kasi ya mabadiliko, pamoja na hisia kwamba hakuna aliyewataka ushauri.

Jambo moja halikuzungumziwa sana katika mataifa ya nje. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali walikuwa na haki ya kupiga kura hiyo. Mkenya anayeishi Leicester aliweza kuamua hatima ya Uingereza katika Ulaya, lakini Mpolandi aliyelipa ushuru Boston kwa miaka kumi hakuweza. Ahadi nazo zilitolewa kwa kuzingatia hilo. Wenye mikahawa ya vyakula vya Kihindi, wengi wao wenye asili ya Bangladesh, walielezwa na baadhi ya wanakampeni, akiwemo Priti Patel ambaye wazazi wake walihamia Uingereza kutoka Uganda, kwamba kuufunga mlango wa Ulaya kungerahisisha kuwaajiri wapishi kutoka Bara Hindi.

Je, wapigakura walitaka nini hasa? Utafiti wa Lord Ashcroft, uliowahoji watu zaidi ya 12,000 siku ya kura, ulionyesha kwamba asilimia 49 ya waliochagua kuondoka walitaja kama sababu yao kuu kwamba maamuzi kuhusu Uingereza yafanywe Uingereza. Asilimia 33 walitaja udhibiti wa mipaka na uhamiaji. Biashara haikuwa sababu kubwa ya kuondoka. Wengi walidhani ingeendelea tu kama kawaida.

Dhana hiyo ilijitokeza wazi Novemba 2016. Taasisi ya utafiti wa kijamii ya NatCen, katika kazi iliyosimamiwa na Profesa John Curtice, mtaalamu wa masuala ya kura, iliwauliza Waingereza kuhusu mapatano waliyoyataka. Tisa kati ya kila kumi waliunga mkono biashara huria na Ulaya. Saba kati ya kumi walitaka serikali iwe na uwezo wa kuweka kikomo cha idadi ya Wazungu wa bara wanaoingia nchini. Hata wengi wa waliopiga kura ya kusalia hawakukipinga kikomo hicho.

Majibu hayo mawili yakisomwa kila moja peke yake, mwanasiasa yeyote angedai ana umma nyuma yake. Lakini mshika mawili moja humponyoka, na watafiti walilifahamu hilo. Wakauliza swali la tatu: je, Uingereza ikubali watu wa Ulaya waje kuishi na kufanya kazi kwa uhuru, nayo ipewe biashara huria? Hapo taifa liligawanyika pasu kwa pasu. Asilimia 49 walikubali, asilimia 51 wakakataa.

Swali hilo la tatu ndilo lililofaa kuulizwa kabla ya kura, si baada yake.

Waziri Mkuu Theresa May alitoa jibu kwa niaba ya wote Januari 17, 2017, alipotangaza kwamba Uingereza ingeondoka pia katika soko la pamoja kwa sababu kusalia humo kungemaanisha kuendelea kuukubali uhuru wa watu kuhama. Mjumbe mkuu wa Ulaya katika mazungumzo, Michel Barnier, alishikilia tangu mwanzo kwamba uhuru wa aina nne hautenganishwi.

Ulaya ilikuwa na sababu ya kushikilia msimamo huo, nayo iliitwa Uswisi. Nchi hiyo si mwanachama lakini huingia sokoni kwa mikataba maalum. Februari 2014 raia wake waliamua, kwa asilimia 50.3, kwamba wahamiaji wawekewe kikomo. Ulaya ilikataa katakata, na bunge la Uswisi likaishia kupitisha sheria hafifu isiyovunja mikataba. Waswisi walipoulizwa tena Septemba 2020 kama uhuru huo ukomeshwe, asilimia 61.7 walisema la. Wao waliionyeshwa bei kabla ya kununua.

Uingereza iliondoka rasmi Januari 31, 2020, na kipindi cha mpito kikamalizika Desemba 31 mwaka huo. Mkataba wa biashara uliofikiwa siku moja kabla ya Krismasi uliondoa ushuru wa forodha, lakini haukuondoa fomu, ukaguzi wa mifugo na mimea, wala masharti ya kuthibitisha asili ya bidhaa. Afisi inayochunguza bajeti ya serikali ya Uingereza imekuwa ikikadiria kwamba tija ya uchumi itakuwa chini kwa asilimia 4 hatimaye, kuliko ambavyo ingekuwa nchi isingeondoka.

Mapenzi ya umma kwa biashara huria nayo yalionekana kuwa na mipaka yake. Serikali ilipozungumza na Marekani kuhusu mkataba mpya, wasiwasi ulizuka kuhusu kuku wanaooshwa kwa klorini, na mwaka wa 2020 ombi la chama cha wakulima la kulinda viwango vya chakula lilitiwa saini na watu zaidi ya milioni moja. Wakulima walilalamika vilevile kuhusu nyama ya Australia. Mtu husifu soko huria hadi linapofika katika sahani yake.

Kwa upande wa wafanyakazi, mambo yalikwenda kinyume na matarajio ya wengi. Msimu wa vuli wa 2021 vituo vya petroli viliishiwa mafuta kwa kukosa madereva wa malori. Serikali ikalazimika kutangaza vibali vya muda kwa madereva 5,000 na wafanyakazi 5,500 wa machinjio ya kuku. Mashamba nayo yakaanza kuwaleta wavunaji kutoka Kyrgyzstan, Tajikistan na Uzbekistan, mbali kuliko Poland na Lithuania walikotoka wale wa awali.

Kisha zikaja takwimu ambazo hakuna mwanakampeni wa 2016 aliyezitabiri. Wiki chache kabla ya kura ilitangazwa kwamba waliohamia Uingereza mwaka wa 2015 waliwazidi waliohama kwa 333,000, na idadi hiyo ikachochea hasira. Katika mwaka ulioishia Juni 2023 pengo hilo lilipita 900,000. Wazungu wa Muungano wa Ulaya waliohama walikuwa wengi kuliko waliokuja. Nafasi zao zilichukuliwa na wauguzi, wahudumu wa wazee na wanafunzi kutoka India, Nigeria, Zimbabwe na kwingineko, mbali na wakimbizi wa vita vya Ukraine.

Maoni ya umma hayakufuata takwimu hizo hatua kwa hatua. Tafiti za kampuni ya Ipsos zilionyesha kwamba waliotaka uhamiaji upunguzwe walikuwa asilimia 67 mapema 2015, lakini wakashuka hadi asilimia 42 mapema 2022, wakati ambapo wageni walikuwa wakiongezeka. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba watu waliridhika kwa kuwa waliamini udhibiti umerudi mikononi mwao. Imani hiyo ilipotikisika, hasa kwa sababu ya mashua ndogo zinazovuka kutoka Ufaransa, ukali ulirejea. Kufikia 2025 uhamiaji ulikuwa tena kileleni mwa masuala yanayowakera Waingereza, na chama cha Reform UK cha Nigel Farage kikawa mbele katika tafiti za maoni.

Hata hivyo, ajabu ni kwamba katika kipindi hichohicho mzani wa swali lile la tatu ulielemea upande wa pili. Mwishoni mwa 2024 taasisi ya masuala ya kigeni ya ECFR iliuliza kama Uingereza irudishe uhuru wa watu kuhama ili ipate kuingia katika soko la pamoja. Asilimia 68 walikubali. Miongoni mwa waliopiga kura ya kuondoka waliokubali walikuwa asilimia 54. Mwezi uliofuata, Januari 2025, kampuni ya YouGov iliripoti kwamba asilimia 30 tu walisema nchi ilifanya vyema kuondoka, dhidi ya asilimia 55 waliosema ilikosea.

Tafiti hizo zisomwe kwa tahadhari. Maneno ya maswali hayakuwa sawa na yale ya 2016, na waliohojiwa wakielezwa kwamba kurudi huenda kukamaanisha kutumia sarafu ya euro, uungaji mkono hupungua. Aidha, wapigakura wengi wazee wa 2016 wameaga dunia, na vijana waliochukua nafasi zao wengi ni wapenzi wa Ulaya. Lakini badiliko ni kubwa mno kuweza kuelezwa kwa vifo na maneno pekee. Mpolandi aliyeogopwa 2016 si mgeni anayeogopwa leo.

Kenya haikuwa mtazamaji tu. Maua, chai na mishiri ya Kenya viliingia Uingereza bila ushuru chini ya utaratibu wa Ulaya, na kwa kuwa nchi hii haimo katika orodha ya mataifa maskini zaidi, ilikuwa hatarini kutozwa ushuru mara tu kipindi cha mpito kitakapokwisha. Nairobi ilitia saini mkataba wake na London Desemba 8, 2020, nao ukaanza kutumika Machi 2021. Julai mwaka huohuo yakafuata makubaliano ya kuwapeleka wauguzi Wakenya kufanya kazi Uingereza. Bidhaa zilitangulia, watu wakafuata.

India ilidai vivyo hivyo. Mkataba wake wa biashara na Uingereza, uliotiwa saini Julai 24, 2025, uliambatana na msamaha wa miaka mitatu wa michango ya bima ya taifa kwa wafanyakazi Wahindi wanaotumwa huko kwa muda. Kipengele hicho ndicho kilichozua kelele kubwa kuliko ushuru wa magari na wiski.

Serikali ya chama cha Labour iliyoingia mamlakani Julai 2024 chini ya Keir Starmer iliahidi kutorudi katika soko la pamoja, umoja wa forodha wala uhuru wa watu kuhama. Katika mkutano wa London wa Mei 19, 2025, pande hizo mbili zilikubaliana kupunguza ukaguzi wa vyakula mpakani, na kuandaa mpango utakaowaruhusu vijana kuishi na kufanya kazi ng'ambo kwa muda maalum. Waingereza walikataa katakata mpango huo uitwe uhuru wa kuhama. Wakauita mpango wa vijana kupata uzoefu, na katika hati ya pamoja idadi ya watakaoshiriki haikutajwa, ila ikaandikwa kwamba itakuwa ile itakayokubalika kwa pande zote mbili.