Baisikeli (albamu)

Baisikeli ni albamu ya kwanza ya Valerie Kimani, mwimbaji wa Kenya aliyeshinda msimu wa kwanza wa shindano la televisheni la Tusker Project Fame mwaka 2006. Jina la albamu limetokana na wimbo ulioibeba.

Tusker Project Fame lilianzishwa kwa mfumo wa Fame Academy, likidhaminiwa na kampuni ya bia ya Kenya. Washiriki waliishi pamoja Nairobi kama wanafunzi wa bweni, wakifundishwa kutumia sauti na kutawala jukwaa, kisha mwishoni mwa wiki wakaimba mbele ya majaji huku watazamaji wakipiga kura kwa simu. Zawadi ya Kimani ilijumuisha mkataba na Gallo, kampuni kongwe ya kurekodi muziki ya Afrika Kusini.

Uzito wa albamu hii upo katika kuvuka kutoka shindano hadi albamu. Shindano humlazimisha mshiriki kuimba nyimbo za wengine. Albamu humtaka awe na nyimbo zake, na wengi hukwama katika hatua hiyo. Kimani aliivuka, tena kwa sauti ya hisia inayosikika vizuri zaidi pale ala zinapopungua.

Washindi waliomfuata katika shindano hilo ni Esther Nabaasa wa Uganda (2008), Alpha Rwirangira wa Rwanda (2009) na Davis Ntare wa Uganda (2010), mwaka ambao Mtanzania Peter Msechu alishika nafasi ya pili. Ruth Matete aliurudisha ushindi Kenya mwaka 2012.