Amri Ambazo Hakuna Mtu Aliyeziandika

Hebu tazama namba hizi: B8 05 00 00 00 C3. Kwa prosesa za ukoo wa Intel, zile zilizojaa kwenye kompyuta za maofisini, huo ni ujumbe uliokamilika: weka 5 kwenye kisanduku kiitwacho eax, kisha rudi ulikotoka. Sasa ruka baiti moja tu, uanze kusoma kwenye 05. Mashine inasema jambo lingine kabisa: ongeza kwenye eax namba kubwa ajabu, C3000000. Hakuna kilichobadilika ila mahali ulipoanzia kusoma.

Ndiyo maana watu wa kompyuta walichoka mapema na namba tupu. Mwaka 1947 Kathleen Booth wa Chuo cha Birkbeck, London, alikuwa tayari anabuni namna ya kuandika amri za mashine kwa alama. Mwaka 1949, Cambridge, David Wheeler aliipa kompyuta ya EDSAC programu fupi iliyosoma herufi: A kujumlisha, S kutoa, T kuhamisha. Kutoka hapo ndipo ukoo wa asembla ulipokua. Asembla inageuza herufi kuwa namba. Disasembla inafanya kazi ya kinyume, inachukua namba na kurudisha herufi. Ila bwana, kuna kitu hakirudi, nacho ni majina. Mwandishi aliita sehemu fulani "hesabu ya ushuru". Disasembla inakuambia tu, nenda anwani 7f3a10. Mashine haina haja na jina. Jina ni la mtu.

Kwa programu iliyokaa kwenye diski, majina yanaweza kuachwa ndani ya faili lenyewe, na disasembla ikayaokota. Balaa lilianza pale amri zilipoanza kutungwa ndani ya kumbukumbu, programu ikiwa inakwenda. John McCarthy, alipoandika kuhusu lugha ya LISP mwaka 1960, alitaja tafsiri ya haraka kiasi kwamba hakuna haja ya kutunza matokeo yake. Ken Thompson, mwaka 1968, alieleza programu ya kutafuta maneno iliyojitungia amri za IBM 7094 hapo hapo. Mwaka 1984 Peter Deutsch na Allan Schiffman wakafanya hivyo kwa Smalltalk. Kazi hiyo ndiyo leo tunaiita kompaila ya papo kwa papo.

Sisi wa Tunduma hatuhitaji kuchorewa ubaoni. Mkalimani anakaa kati ya muuzaji wa huku na mnunuzi wa Nakonde, anatafsiri sentensi moja moja. Akiwa mjanja, swali la bei likirudiwa mara ya ishirini anaacha kufikiri upya, analiandika kwenye kikaratasi na kulisoma. Kasi inaongezeka. Lakini kikaratasi kile ameandika kwa kifupi chake mwenyewe, na biashara ikiisha anakitupa. Ukizuka ugomvi jioni, nani atajua kilichosemwa?

Ugomvi wenyewe kwenye kompyuta ni huu: programu inakwenda polepole, au inatoa jibu la uongo, nawe unataka kujua amri gani hasa zilitekelezwa. Unamwaga kumbukumbu kwenye disasembla. Unapata maelfu ya mistari, anwani zinazobadilika kila ukiwasha programu, data imechanganyika na amri, na kompaila kwa ajili ya mbio imemeza sehemu tatu za programu ikazifanya moja. Mwandishi wa programu hatambui hata mstari mmoja, kwani hakuuandika yeye. Hakuna mtu aliyeuandika.

Jibu lililonifurahisha kuliko yote lilitolewa mwaka 1992 na Urs Hölzle, Craig Chambers na David Ungar, waliokuwa wakishughulikia lugha ya Self. Walikubali kwamba disasembla peke yake haitoshi. Kompaila yenyewe ndiyo iwe shahidi. Inapotunga amri, iache kwenye vituo maalumu maelezo ya kutosha kuijenga upya programu kama mwandishi alivyoijua. Fikra hizo za Self zilifika kwenye HotSpot ya Java, iliyotoka 1999, ambayo ukiiomba inamwaga amri zake na pembeni inaandika jina la sehemu husika.

Hapa kwetu? Kompyuta ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo mabishano haya mengi yalifanyika sisi tukiwa nje ya mlango. Lakini leo kompaila imo mfukoni mwetu. Android ilipata kompaila ya papo kwa papo mwaka 2010, ikaiacha 2014 kwa kutafsiri kila kitu wakati wa kusakinisha programu, ikairudisha 2016. Tangu hapo simu inaangalia sehemu gani unazitumia sana, kisha, ukiwa umelala nayo ipo kwenye chaji, inazitafsiri. Kijana wa Tunduma mwenye simu ya bei rahisi ana amri ndani yake zilizotungwa kwa ajili ya matumizi yake.

Basi atazisomaje? Kwenye Linux, chombo kiitwacho perf, kilichotoka 2009, kinakubali faili jepesi kabisa kutoka kwa kompaila. Kila mstari una mambo matatu: anwani ya mwanzo, ukubwa, jina. Ni daftari la wageni, basi. Hata mimi nisiye na cheti zaidi ya cha sekondari nalisoma.

Ila nalo lina udhaifu. Kompaila ikitupa amri za zamani na kuweka mpya mahali pale pale, daftari linaweza kukutajia jina la mpangaji aliyekwisha hama. Jina la uongo ni baya kuliko anwani tupu, kwani anwani tupu angalau haikutulizi. Kwa hiyo ukaja mtindo mwingine, jitdump, ambapo kompaila inaandika jina pamoja na saa, na inanakili amri zenyewe, baiti kwa baiti, kabla hazijafutwa.