Namna picha 24 zilivyokuwa 30: deni la umeme kwenye video zetu

Siku hizi karibu kila mmoja wetu anafanya montaji, hata kwenye simu. Lakini ile namba 29,97 yenye programu inatuonyesha ilitoka wapi? Mimi nimeona jibu lake liko kwenye historia ya umeme.

Sinema ilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni za Marekani zilishika picha 24 kwa sekunde, juu sauti inahitaji mwendo usiobadilika. Kisha televizio ikakuja. Umeme wa Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde, njo maana mwaka 1941 waliweka picha 30, kila moja ikagawanywa nusu mbili: mistari ya 1, 3, 5, halafu ya 2, 4, 6. Mwaka 1953 rangi ikaingia. Ili isigongane na mawimbi ya sauti, 30 ikashushwa hadi 29,97.

Basi filamu ya 24 inaingia namna gani mu 30? Mafundi walipata ujanja: picha ya kwanza inachukua nusu 2, ya pili 3, ya tatu 2, ya ine 3. Jumla nusu 10, ni kusema picha 5. Picha 4 zimekuwa 5, na filamu haijawa fupi.

Ulaya, sawa na kwetu Congo, umeme ni wa 50 na televizio ni picha 25. Kule walichagua njia nyepesi: kuharakisha filamu kwa asilimia 4 hivi. Filamu ya dakika 120 inaisha kwa 115, na sauti inapanda kidogo.

Hapa njo tunaguswa. Mzee aliyerekodiwa kwa filamu ya 24, tukimhifadhi kwa 25 bila kurekebisha, wajukuu watasikia sauti isiyo yake. Na ukitupa video ya 29,97 yenye ule mpango wa 2 na 3 moja kwa moja mu montaji ya 25, picha zinarukaruka na kingo zinatoka meno kama kitana. Ipitishe picha moja moja: ukiona tatu safi, mbili zenye meno, tena tatu safi, umeijua. Ondoa kwanza nusu zilizorudiwa, upate 24 yako. Hakuna picha ya filamu inayopotea. Kisha ukate.

Nyumbani kwenu kuna kaseti gani ya zamani inayongoja kuhifadhiwa? Tuambiane hapa chini.