Moto wa Kyanguli

Ewe msomaji, usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi, 2001, bweni la shule ya Kyanguli, wilayani Machakos, lilimwagiwa petroli likatiwa moto. Wavulana 67 walikufa, kwani mlango mmoja ulifungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Wanafunzi wawili walishtakiwa. Manung'uniko juu ya matokeo ya mtihani yaliyofutwa yalikuwa yametangulia.

Mwaka 2008 serikali ilitoa kanuni: milango ya mabweni ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Kanuni hizo huokoa watu, hazizuii kiberiti. Hasira husikika kabla ya moshi kuonekana. Basi mwalimu aisikilize, mzazi aiulize, nawe usikiapo mwenzako akinong'ona habari za moto, useme. Kumfichia siri hiyo si urafiki.