Tasnifu ya anthropolojia: Mfano wa Kaptagat

TASNIFU ya shahada ya kwanza huwa kazi ndefu ya kwanza ambayo mwanafunzi wa anthropolojia huandika kutokana na maisha ya watu aliokutana nao mwenyewe. Kaptagat, eneo la msitu na mashamba karibu na Eldoret, katika mpaka wa kaunti za Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet, ni mfano mwafaka wa jinsi kazi hiyo inavyofanywa.

Kuteua swali

Kaptagat inajulikana ulimwenguni kwa wanariadha. Ndiko Eliud Kipchoge, chini ya mkufunzi Patrick Sang, alikojiandaa kabla ya kukimbia marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mnamo Oktoba 12, 2019. Hata hivyo, "wanariadha wa Kaptagat" ni uwanja mpana mno. Swali lifaalo ni finyu: je, wakimbiaji wanaoishi kambini hugawana vipi kazi za usafi, na mgawanyo huo wafichua nini kuhusu heshima baina ya mashuhuri na chipukizi?

Msitu nao una maswali yake. Tangu enzi za ukoloni, wakulima nchini Kenya wamekuwa wakiruhusiwa kupanda chakula kati ya miche ya miti ya serikali, utaratibu ambao umewahi kupigwa marufuku na kurejeshwa. Mtafiti aweza kuuliza ni nani hupata kipande cha kulima, na kwa njia gani.

Kuwasoma waliotangulia

J.A. Massam alichapisha kitabu kuhusu Wakeiyo mwaka 1927. Henrietta Moore aliwaandikia jirani zao Wamarakwet mwaka 1986, nao John Bale na Joe Sang wakachambua mbio za Wakenya mwaka 1996. Vitabu hivi visomwe kwa kuhojiwa, hasa kile cha Massam, kilichoandikwa chini ya utawala wa kikoloni. Jomo Kenyatta, aliyesomea anthropolojia London chini ya Bronislaw Malinowski, alionyesha mwaka 1938 kwamba Mwafrika aweza kuieleza jamii yake mwenyewe.

Ruhusa

Leseni za utafiti nchini hutolewa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Aidha, ni adabu kupiga hodi kwa chifu na wazee wa mtaa. Lakini ruhusa ya chifu haimlazimishi mwananchi kujibu. Kila mhojiwa aelezwe madhumuni ya kazi na aachiwe hiari ya kukataa.

Nyanjani

Hojaji pekee haitoshi. Mtafiti ashiriki: aamke alfajiri wakimbiaji wanapotoka, au ashike jembe pamoja na wakulima. Aandike shajara kila jioni kabla kumbukumbu haijafifia. Maneno ya Kikalenjin kama kokwet, yaani baraza la ujirani, yabaki yalivyo, kisha yafafanuliwe.

Kulinda siri

Hapa ndipo penye uzito. Mkulima akikiri kwamba hulisha ng'ombe msituni bila kibali, au mkimbiaji akilalamikia mkataba wake, maneno hayo yaweza kumponza. Kubadilisha jina hakutoshi. Katika kijiji kidogo, kutaja umri, kazi na mahali pa boma kunatosha kumtambulisha mtu kwa jirani zake. Maelezo hayo yachanganywe au yaachwe, hata kama sura itapungua utamu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 pia inalinda habari za kibinafsi.

Kuandika

Kwa kawaida tasnifu huwa na utangulizi, mapitio ya maandishi, mbinu, matokeo na hitimisho. Sura ya mbinu yaweza kuandikwa mapema, mambo yakiwa bado mabichi. Kila dai liambatane na ushahidi wa shajara au mahojiano, na mipaka ya utafiti itajwe waziwazi: wahojiwa kumi hawasemi kwa niaba ya Kaptagat nzima.

Hatimaye, mtafiti arudi na muhtasari kwa lugha inayoeleweka, awasomee waliompa muda wao. Wanaweza kusahihisha alipoelewa vibaya, na mtafiti mwingine atakayebisha hodi baadaye atapokelewa vyema.